Tulikwenda Kuona Maji Yanakotoka

Mwezi wa Septemba mfereji wetu ulikauka. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Watu walikesha kwenye banio, kila mmoja na jembe lake, wakigombea maji kidogo yaliyobaki. Usiku mmoja ndugu wawili wa tumbo moja nusura wapigane kwa majembe.

Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya maji akanijia. Akasema, "Bwana shamba, watu wanasema mlima umekauka. Wewe unasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi ya ugani kwa zaidi ya miaka 20. Nimewafundisha watu kupanda, kupalilia na kunyunyiza dawa. Lakini sikuwahi kupanda juu kuona maji yetu yanakotoka. Nikaona haya. Nikamwambia, "Mwenyekiti, twende tukaone."

Tukaenda watu wanane. Leo nataka nawe twende pamoja.

Njia ya kutoka Arusha

Ikiwa unatoka mjini Arusha, shika barabara kuu ya kwenda Moshi. Utapita Tengeru, penye soko kubwa. Hapo Tengeru ndipo kilipo chuo cha kilimo nilikopata cheti changu. Ukifika Usa River, unaiacha barabara kuu na kukata kushoto. Sasa unapanda. Kuna migomba na kahawa pande zote mbili. Mbele yako ni Mlima Meru.

Baada ya hapo utafika kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 ikapewa jina la Arusha. Raia wa Tanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje.

Ukiingia tu, utaona uwanda wenye nyasi fupi. Unaitwa Serengeti Ndogo. Hapo utaona pundamilia, ngiri na nyati wakila pamoja. Kulia kuna Kreta ya Ngurdoto. Ni shimo kubwa la volkano ya zamani, upana wake karibu kilomita 3. Watu hawaruhusiwi kushuka ndani. Wanasimama ukingoni na kuwatazama wanyama chini, wadogo kama sisimizi.

Mbele zaidi kuna maziwa madogo ya Momella. Maji yake yana magadi. Ndege warefu wenye rangi ya waridi, wanaoitwa flamingo, husimama humo kwa mguu mmoja.

Ndugu msomaji, watu wa upande wetu wa Ngarenanyuki wanapita ndani ya hifadhi hii kila wakienda mjini. Barabara ndiyo hiyo. Lakini katika sisi wanane, hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka garini na kuingia msituni. Tunaishi mlangoni mwa nyumba, lakini hatujui sebuleni kuna nini.

Maneno ya mzee

Kwenye lango la Momella tulimkuta askari wa hifadhi. Alikuwa na bunduki begani. Alitusalimu vizuri, akatueleza masharti. Tutembee nyuma yake. Tusipige kelele. Tusitupe takataka. Tukimwona nyati tusikimbie, tumsikilize yeye.

Mzee mmoja katika kundi letu, mwenye miaka 72, hakufurahi. Akamwambia askari, "Mwanangu, shikamoo yenu nimeipokea. Lakini nyati hao wakija shambani kwangu usiku, naambiwa nisiwaguse. Mimi nikiingia huku kwao, nalipa. Miti hii inatunzwa kuliko sisi."

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mmoja wa Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki mwaka 1951. Serikali ya kikoloni ilitaka ardhi hiyo iwe ya wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kudai ardhi yao. Ni watu wachache wa Afrika waliokuwa wamefika huko kabla yake. Kwa hiyo mtu wa Ngare Nanyuki akisikia neno mpaka, moyo wake unashtuka.

Askari hakubishana. Alisema, "Babu, umesema kweli. Nyati akila mazao, toa taarifa kwa serikali ya kijiji mapema. Sheria ina kifuta jasho. Najua hakitoshi. Lakini leo njoo uone kwanza kinachotunzwa. Ukirudi, utasema mwenyewe."

Mzee akachukua fimbo yake. Tukaanza kutembea.

Maporomoko ya Tululusia

Tulivuka mto Ngare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimasai, na maana yake ni maji mekundu. Tukapita kwenye nyasi ambako twiga walitutazama bila woga. Kisha njia ikaingia kwenye miti, na baridi ikatupata.

Tulisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Ilikuwa sauti kama ya mvua kubwa juu ya bati. Tukazunguka mwamba, tukayaona. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu, meupe, yakipiga mawe na kurusha manyunyu. Nguo zetu zikalowa. Hayo ndiyo maporomoko ya Tululusia. Urefu wake ni karibu mita 28. 

Tulisimama kimya. Nilimtazama mgawa maji wetu. Huyu ni mtu ambaye wiki nzima alikuwa akitukanwa usiku na mchana. Alivua kofia yake. Akasema, "Kumbe maji yapo."

Ni kweli, ndugu msomaji. Ilikuwa kiangazi kikali. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mingi. Lakini huku juu maji yalikuwa yanaanguka. Mlima haukuwa umekauka.

Mama mmoja akauliza swali lililokuwa mioyoni mwetu sote: "Kama maji yapo hapa, yanapotelea wapi kabla ya kufika kwetu?"

Askari akasema, "Mama, kwanza tuone yanakotoka. Halafu tutauliza yanakopotelea."

Mti wenye lango

Tukaendelea kupanda. Msitu ukawa mzito. Askari alitutajia miti: mtarakwa, ambao mbao zake zinanukia vizuri na haziliwi na mchwa, mpodo, ulionyooka kama nguzo, na mloliondo, mgumu kama chuma. Matawini palining'inia vitu vya kijani kama ndevu za mzee. Mbega weusi wenye mikia myeupe waliruka juu yetu kutoka mti hadi mti.

Kisha tukafika mahali ambapo njia inapita ndani ya mti.

Sikosei, msomaji. Inapita ndani ya mti. Ni mtini mkubwa wa porini, wa jamii ya mkuyu. Shina lake limeachana chini kama miguu miwili, na katikati kuna lango. Gari la Land Rover linapita. Askari alisema hata tembo anaweza kupita.

Mti huu ulikuaje hivi? Aina hii ya mtini haianzii ardhini. Ndege anakula tunda lake, kisha anaacha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mbegu inaota huko huko juu. Inateremsha mizizi myembamba kama kamba. Mizizi ikifika ardhini, inanenepa na kushikana. Mwisho inamzunguka mwenyeji wake wote. Mwenyeji anakufa na kuoza. Mtini unabaki umesimama, na pale palipokuwa na mwenyeji panabaki uwazi. Kazi hiyo inachukua miaka mingi sana. Babu anauona mti, mjukuu anauona, na mti bado unafanya kazi yake.

Wanane wote tulisimama ndani ya lango lile. Bado palikuwa na nafasi.

Kuna mti mrefu kuliko huu kwa jirani zetu wa Kilimanjaro. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde moja la mlima ule kuna mkukusu wenye urefu wa mita 81.5. Ni mti mrefu kuliko miti yote ya asili ya Afrika iliyokwisha kupimwa mpaka wakati huo. Unakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 500. Mti wa namna hiyo unaweza kukatwa kwa siku moja. Lakini mtu anayeukata, wala mtoto wake, hataona mwingine ukifika hapo.

Jaribio la chupa ya maji

Tulipumzika chini ya miti. Nikakumbuka jambo nililofundishwa chuoni. Nikachukua chupa ya maji. Nikamimina nusu katikati ya njia, mahali palipokanyagwa mpaka pakawa pagumu. Maji yalikimbia mteremko yakibeba vumbi. Baada ya muda mfupi hayakuwepo.

Kisha nikamimina nusu nyingine chini ya mti, juu ya majani makavu. Hayakukimbia. Yalizama hapo hapo. Mama yule akaingiza mkono chini ya majani, akatoa udongo. Ulikuwa mweusi, laini, na baridi.

Nikawaeleza hivi. Msitu hauumbi maji. Maji yanatoka katika mvua na mawingu. Upepo unaleta mawingu kutoka Bahari ya Hindi. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unayazuia. Ni mlima wa pili kwa urefu Tanzania, baada ya Kilimanjaro. Mvua inanyesha, na ukungu unashika majani na ndevu za miti na kudondoka tone moja moja. Kazi ya msitu ni kupokea. Majani yaliyooza yanayafyonza maji kama sifongo. Mizizi inayafungulia njia ya kwenda chini. Huko chini yanatembea polepole ndani ya mawe, kisha yanatoka kwenye chemchemi wakati wa kiangazi.

Msitu ni kama ghala. Mvua ndiyo mavuno. Ukibomoa ghala, hata mavuno yawe makubwa namna gani, utalala njaa kiangazi. Na mvua isiyopata mahali pa kuzama inageuka mafuriko, inabeba udongo wa mashamba.

Ghala hili halilishi Ngarenanyuki peke yake. Mito ya upande wa kusini wa Meru inaingia mto Kikuletwa. Kikuletwa unakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani mpaka baharini. Njiani maji hayo yanazungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Mtu wa Tanga anayewasha taa huenda anatumia maji ya Mlima Meru bila kujua.

Kosa langu mwenyewe

Kijana mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, kama ni miti tu, kwa nini tusipande mikaratusi kwenye chanzo? Inakua haraka."

Swali hilo lilinichoma, nikaona nisiwafiche. Nilipoanza kazi, nilipangiwa kijiji kimoja upande wa kusini wa mlima. Kulikuwa na chemchemi yenye tope, na wanawake walichota maji hapo. Niliwaambia wanakijiji wapande mikaratusi kuizunguka. Niliwaza nguzo na fedha. Miti ilikua upesi, na watu walinisifu. Baada ya miaka michache tope likakauka. Kisha chemchemi ikawa jicho dogo. Wanawake walianza kwenda mbali kutafuta maji, na chanzo kilikuwa ushauri wangu.

Mkaratusi si mti mbaya. Unatoa nguzo, kuni na mbao. Lakini unakunywa maji mengi, na mahali pake si penye chemchemi. Kwenye chemchemi panda mikuyu na miringaringa, au acha miti ya asili iote yenyewe. Wanakijiji wale waliikata mikaratusi na kupanda mikuyu. Maji yamerudi kidogo. Hayajawa kama zamani.

Mzee aliyekuwa na hasira asubuhi aliniangalia kwa muda. Akasema, "Mtu anayesema kosa lake anaweza kufundisha."

Maji meupe si maji salama

Kabla ya kurudi tulifika kwenye maporomoko mengine, ya Maio. Ni mahali pazuri, palipojificha kwenye majani mabichi. Kijana mmoja aliinama kunywa. Nikamzuia.

Hili nataka wazazi mlisome vizuri. Meru ni mlima wa volkano. Ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Mawe yake yana madini ya floraidi, na katika sehemu nyingi za upande wetu madini hayo yameingia kwenye maji kwa wingi. Ndiyo sababu watoto wengi wana meno ya kahawia. Yakizidi kwa miaka mingi, mifupa inapinda na kuuma. Maji yanaweza kuwa maangavu, na floraidi imo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi.

Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu meno na mifupa yake bado inakua. Kama una bati, weka mfereji wa bati na tangi uvune maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Maji ya mvua hayakupita kwenye mawe ya mlima. Yahifadhi vizuri na yachemshe. Na ulizeni ofisi ya maji ya wilaya chanzo chenu kimepimwaje.

Yanakopotelea

Kesho yake hatukukaa nyumbani. Tuliufuata mfereji wetu kutoka banio mpaka shamba la mwisho, kwa miguu. Mama yule alishika daftari.

Tuliona nini? Mahali 14 mfereji ulikuwa unavuja, kwa sababu ni wa udongo na haujasafishwa. Mahali 5 ng'ombe walikuwa wameukanyaga kingo mpaka zikabomoka. Mashamba mengine yalikuwa yamelimwa hadi ukingoni mwa mto, pasipo hata jani moja la kuzuia udongo. Kulikuwa na pampu juu ya banio zinazovuta maji usiku bila zamu. Na shamba moja lilikuwa limejaa maji kama ziwa, kwa sababu mwenyewe aliyafungulia na kwenda kulala.

Shamba hilo lilikuwa la mwenyekiti wa kamati. Alinyamaza. Kisha akasema, "Andika, mama. Andika na langu."

Sisemi kwamba yote ni kosa la mkulima. Watu wameongezeka, mashamba yameongezeka, mji wa Arusha nao umekua na unahitaji maji. Miaka mingine mvua ni haba. Lakini yale tuliyoyaona kwa macho yetu, mlima hauwezi kutufanyia.

Mkutano wa kijiji uliamua mambo haya:

Kwanza, kila mwenye shamba atasafisha sehemu yake ya mfereji kabla ya kupewa zamu.

Pili, zamu itaandikwa na kubandikwa ofisini, ili asiyejua aisome mwenyewe au asomewe na mtoto.

Tatu, pampu zitahesabiwa, na wenye nazo wataingia kwenye zamu kama wengine.

Nne, hakuna kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ndivyo inavyosema. Hapo patapandwa miti ya asili na majani ya kulisha mifugo, ya kukata na kubeba.

Tano, kila mkulima wa nyanya ataweka matandazo ya majani makavu shambani, ili udongo ushike maji kama tulivyoona msituni.

Sharti la nne lilizua maneno makali. Mtu mwenye ekari moja ukimwambia aache mita 60, umemwachia nini? Jambo hilo bado halijaisha. Tumeanza na wale walio tayari.

Nyanya za mwaka ule hatukuziokoa zote. Mashamba ya mwisho wa mfereji yalikauka, na wenyewe walipata hasara. Nisingependa kukudanganya. Lakini wiki mbili baada ya kuziba mivujo, maji yalifika mahali ambapo yalikuwa hayajafika tangu Julai. Na ndugu wale wawili wa tumbo moja sasa wanazibia pamoja.

Ndugu msomaji, huenda hukai Meru. Lakini kijiji chako kina maji yanayotoka mahali fulani. Mmewahi kwenda kupaona? Mkisomeana gazeti hili, jadilini hilo. Chagueni siku. Nendeni na wazee, maana wanajua chemchemi zilizokuwepo. Nendeni na kina mama, maana ndio wanaobeba ndoo. Chukueni daftari.

Mzee wetu alipofika nyumbani jioni ile, wajukuu walimuuliza ameona nini huko. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamsikia. Alisema, "Nimeona ghala letu. Bado lina akiba. Kesho mtanisaidia kuchimba mashimo, tupande mikuyu."